Kushuka Polepole

Jumanne na Ijumaa sikimbii.
Wenzangu wanapita kuelekea Mkunya,
ukungu umewafika viunoni,
mimi nakata kona nyuma ya ghala la ushirika
ambako Salvatori Nnunduma, mlinzi,
huniachia geti kabla mizani haijaanza ugomvi wake na wakulima.

Vyuma vyangu ndivyo hivi:
gunia la maganda ya korosho, kilo ishirini na mbili,
nimelishona mdomo kwa katani;
madumu mawili ya mchanga, moja lina ufa
na hunipunja kidogo kila wiki;
ngazi tatu za saruji kwenye mlango wa kupakulia.
Kioo sina. Nina Salvatori.
"Goti limeingia ndani tena," anasema,
wala hageuki, anakoroga uji.

Aibu ndiyo iliyonileta huku.
Mwaka juzi, mbio za Masasi, kilomita ya thelathini na moja,
mapafu mazima, moyo unapiga kazi yake sawasawa,
ila nyonga zikaanza kuyumba kama meza ya mama ntilie
na goti la kushoto likaota ulimi.
Nikatembea.
Kijana wa baiskeli akanipita, amebeba kuku watatu,
akanipa pole.
Kuku nao wakanitazama.

Pale Ndanda, dada wa mazoezi ya viungo
alinisimamisha kwa mguu mmoja, akahesabu.
Sikufika kumi na mbili.
"Umeifundisha miguu kwenda," akasema, akiandika.
"Nani ataifundisha kubaki?"

Basi najifunza kubaki.
Gunia mabegani, nachuchumaa hadi paja lilale kama benchi,
nasimama.
Mara tano tu. Si hamsini. Tano nzito,
kisha nakaa dakika tatu nzima sifanyi kitu,
na hapo ndipo pagumu kwa mtu wa mbio.
Halafu ngazi: visigino vinaning'inia hewani,
napanda kwa miguu miwili, nashuka kwa mmoja,
moja,
mbili,
tatu,
nne,
hadi shavu la mguu liwake
kama moto wa maganda ya korosho,
ule unaojitilia mafuta wenyewe.

Siku moja mama alikuja kuangalia.
Mama, Binti Nandonde, aliyeteremka bonde hili
usiku wa manane na debe tupu
akarudi jua limetoka, debe limejaa,
na mimi mgongoni.
Alilitazama gunia likishuka, likipanda,
likirudi palepale lilipotoka.
"Unalipeleka wapi?"
Silipeleki popote, mama.
Alicheka hadi akashika ukuta.
"Sisi tulibeba, tukanywa. Haya wewe, beba, ukaoge."

Nilitaka kumwambia kwamba mifupa hii ni yake,
mimi nimeazima tu.
Lakini alishaondoka,
shingo imenyooka kama debe bado lipo,
na goti lake la kulia likilia kila hatua,
ka, ka, ka, hadi kwenye kona ya msikiti.
Miaka yote ile hakuna aliyemhesabia tano
akamwambia: basi, tua, kaa dakika tatu.

Tangu siku ile zile dakika tatu nazikaa zote.
Sichungulii saa.

Leo Jumapili nimeiteremka njia ya bondeni,
kona kwa kona, changarawe zikikimbia mbele yangu.
Zamani hapa nilikuwa naanguka tu kwa adabu.
Leo mapaja yanashika, yanaachia, yanashika,
kama mtu anayeshusha mzigo wenye vyombo vya udongo.
Nimelisubiri goti liseme.
Mti wa kwanza, wa pili, daraja, mashamba ya mpunga.
Halina neno.

Nimekunywa maji, nimefunga kamba ya kiatu,
nimegeuka.
Nyumbani ni kule juu.